Noeli ya Nyumba Mbili

Ifikapo wiki ya tatu ya Desemba, mitaa ya Msimbazi na Kongo pale Kariakoo hujaa hata watu hukanyagana: huyu abeba vitenge vya mama yake, yule viatu vya watoto. Mizigo mingi ni ya safari. Ndugu zetu Wachagga hufunga maduka, wakarudi kwenye vihamba vya baba zao Kilimanjaro. Ni desturi njema, wala hatuilaumu. Nauli za wiki hiyo tungezilaumu, kama angekuwapo wa kutusikia.

Lakini je, mume akiwa wa Rombo na mke wa Mahenge? Njia zao huachana Chalinze. Twajua nyumba ambamo kila mwaka mume hukata tiketi kwanza, ndipo humwarifu mkewe. Bibi wa Mahenge hajala sikukuu hii na wajukuu wake hata mara moja. Mke hagombi, hunyamaza. Baba wa familia, usiuhesabu ukimya huo kuwa ridhaa.

Kanisa lenyewe halikuibana Noeli katika siku moja. Lina Misa ya usiku, ya alfajiri na ya mchana. Na Oktava yake hudumu siku nane, hata 1 Januari. Aliyesali Misa ya mkesha jioni ameitimiza amri, ingawa kesho yake yu njiani. Basi walio na wazazi wote karibu na mji wagawe siku hizo. Rombo na Mahenge zapokezane miaka.

Ziko nyumba nyingine, nazo Kariakoo na Gerezani ni nyingi, ambamo ukoo mmoja una Wakristu na Waislamu. Hapo kosa ni la namna nyingine: shemeji hualikwa, kisha huwekewa nyama asiyoweza kuila, nasi twajisifu kwamba tulimwita. Wazee wetu walilijua hili. Mbuzi wa Noeli alichinjwa na jirani Mwislamu, na pombe haikuletwa penye chakula cha wote. Je, ni kuikana imani? Hasha. Mtume Paulo, katika sura ya 14 ya Waraka kwa Warumi, akataza kumkwaza ndugu kwa ajili ya chakula. Tena nyumba hizo hizo, Idi ikifika, hutuletea pilau bila kuulizwa. Mbuzi akisha kununuliwa mwaka huu, mchinjaji na aalikwe pamoja na mkewe na watoto, wala asipewe ujira mlangoni akaenda zake.