Wastani ukikupoteza, tafuta mediani

Dalali akikuambia kwamba wastani wa kodi ya nyumba mtaani kwake ni shilingi 110,000 kwa mwezi, anaweza kuwa anasema kweli tupu, na wewe ukapotea vilevile. Tuseme umezunguka mwenyewe ukauliza nyumba tisa, ukaandika kodi za mwezi kadiri ulivyotajiwa: 80,000, 55,000, 450,000, 60,000, 50,000, 70,000, 85,000, 60,000, 80,000. Zijumlishe, unapata 990,000. Gawa kwa tisa, unapata 110,000 kamili. Hesabu ya dalali haina kasoro. Lakini kati ya nyumba hizo tisa, nane kodi yake haifiki hata 90,000. Iliyounyanyua wastani ni ile moja ya 450,000, pengine nyumba nzima yenye geti na kisima iliyojengwa katikati ya vyumba vya kawaida.

Mtu anayetafuta chumba anataka kujua bei ya katikati, na hiyo ndiyo mediani: namba inayokaa katikati namba zote zikishapangwa kuanzia ndogo hadi kubwa. Tuzipange basi: 50,000, 55,000, 60,000, 60,000, 70,000, 80,000, 80,000, 85,000, 450,000. Ziko tisa. Ya tano ina nne kushoto kwake na nne kulia kwake, nayo ni 70,000. Hiyo ndiyo bei ya kwenda nayo kwenye mapatano.

Sasa mwenye ile nyumba kubwa apandishe kodi hadi 2,000,000. Wastani unaruka mpaka 282,000 na ushee. Mediani haisogei: ni 70,000 ileile. Haiulizi namba ya mwisho ni kubwa kiasi gani, inauliza tu iko upande gani wa katikati.

Orodha ikiwa fupi, katikati unaiona kwa macho. Ikiwa ndefu, chukua idadi ya namba zako, ongeza 1, gawa kwa 2. Namba 9 zinakupa nafasi ya 5. Namba 37 zinakupa nafasi ya 19. Jibu likitoka na nusu, ujue idadi ni shufwa na hakuna namba moja iliyosimama katikati peke yake. Ongeza kwenye orodha yetu nyumba ya kumi yenye kodi ya 100,000. Kumi ongeza moja ni 11, nusu yake 5.5, yaani katikati iko baina ya namba ya tano na ya sita. Ya tano ni 70,000, ya sita ni 80,000. Jumlisha, gawa kwa mbili, mediani ni 75,000. Hakuna nyumba hata moja iliyotajwa kwa 75,000, na hilo si kosa.

Makosa yenyewe ni haya. La kwanza na la kila siku ni kusahau kupanga: ukichukua ya tano kwenye orodha kama ilivyoandikwa mwanzo utapata 50,000, ambayo ndiyo kodi ya chini kuliko zote. La pili ni kuandika mara moja tu namba inayojirudia. Kwenye orodha yetu ungeponea bahati, kwa kuwa marudio yako pande zote mbili, lakini usiizoee bahati hiyo. Nyumba mbili za 60,000 ni nyumba mbili. Wanafunzi nao hujibu nafasi badala ya thamani, wakaandika kwamba mediani ni 5. Na kuna kosa la mtaani lisilo la hesabu kabisa: mwenye nyumba mmoja amekutajia kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mwingine ya mwezi, nawe umezichanganya. Hapo hakuna kanuni itakayokuokoa. Zirudishe zote kwenye mwezi kwanza.

Mara nyingi namba hazikufikii moja moja bali zimekwisha kuhesabiwa kwenye jedwali. Tuseme mjumbe amepita kaya 25 akiuliza idadi ya watoto. Kaya 2 hazina mtoto, 7 zina mmoja, 6 zina wawili, 4 zina watatu, 3 zina wanne, 2 zina watano, na moja ina saba. Wengi hutazama safu ya watoto, 0, 1, 2, 3, 4, 5, 7, wakasema katikati ni 3. Hapana. Tunachokipanga ni kaya, na kaya ya katikati kati ya 25 ni ya 13. Hesabu ukilimbikiza: kaya 2, kisha 9, kisha 15. Ya 13 imeangukia kwenye kundi la watoto wawili, basi mediani ni watoto 2.

Zikiwa katika makundi, kama alama za mtihani zinavyobandikwa ukutani, hutapata mediani halisi ila makisio yake. Wanafunzi 40, walio chini ya alama 41 ni 14, walio kati ya 41 na 50 ni 10. Nusu ya 40 ni 20, kwa hiyo katikati imo ndani ya kundi la 41 hadi 50, na humo unahitaji wanafunzi 6 zaidi ya wale 14 kufika 20. Sita kati ya kumi, mara upana wa kundi ambao ni 10, ni 6. Jumlisha na mpaka wa chini wa kundi, 40.5, unapata 46.5. Kanuni ndefu iliyoko kwenye vitabu vya sekondari haisemi zaidi ya hayo, na anayeielewa kwa maneno hana haja ya kuikariri.

Kuna kazi moja ya mediani ambayo naona tumeiacha bure, nayo ni kuamua jambo katika kikao. Mwaka 1906, kwenye maonyesho ya mifugo mjini Plymouth, Uingereza, watu walilipa peni sita kila mmoja ili kukisia uzito wa ng'ombe mnono akishachinjwa na kuandaliwa. Mwanasayansi Francis Galton alizipata karatasi za makisio baadaye, akazitupa chache zilizokuwa na kasoro, akabaki na 787. Alizipanga na mwaka 1907 akachapisha matokeo kwenye jarida la Nature. Mediani ilikuwa pauni 1,207, karibu kilo 547. Uzito wenyewe ulitajwa kuwa pauni 1,198. Umati ule ulikosea kwa chini ya asilimia moja. Wastani, alipoulizwa akaja kuuhesabu, ulikaribia zaidi: 1,197. Kwa hiyo hoja yake haikuwa kwamba mediani hushinda kila mara. Alichotaka ni kwamba watu wengi wanapopaswa kukubaliana juu ya namba moja, kila mmoja awe na nguvu ya kura moja tu. Namba yoyote iliyo juu ya mediani, wengi wataiona kubwa mno. Yoyote iliyo chini yake, wengi wataiona ndogo mno.

Ichukue hiyo uende nayo kwenye kamati ya harusi. Wajumbe kumi na mmoja wanapanga kiwango cha chini cha mchango, na kuna ndugu mmoja mwenye uwezo anayetaka kiwe shilingi 1,000,000. Mkitafuta wastani, sauti yake peke yake inawaburuta wote. Kila mtu aandike kiwango chake kwenye karatasi bila jina, zipangwe mezani, isomwe ya sita. Milioni ya ndugu yule itahesabiwa kama karatasi moja iliyo upande wa juu, basi.

Ila kamati hiyohiyo ikifika kwenye bajeti, mediani iwekwe pembeni. Kujua mtapata shilingi ngapi kwa jumla, mnahitaji wastani wa michango mara idadi ya wachangiaji, na hapo milioni ya ndugu yule ina uzito wake wote. Mediani haiijui jumla. Wala haiunganishwi na nyingine kirahisi: kundi lenye 50, 60 na 100 lina mediani 60, lenye 70, 80 na 90 lina 80, lakini ukiyachanganya yote sita mediani ni 75, si 70 iliyo baina ya 60 na 80. Mwenye mediani za mitaa miwili na hana orodha zenyewe hawezi kutoa mediani ya kata.

Wazazi wanakutana na mediani kliniki. Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya ukuaji wa watoto mwaka 2006, baada ya kupima watoto waliolelewa vizuri katika nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Kwenye chati hizo mstari wa katikati, ulioandikwa 0, ni mediani. Kwa mtoto wa kiume wa miezi 12 ni kilo 9.6, kwa wa kike, kilo 8.9. Mama akiona nukta ya mwanawe iko chini ya mstari huo hushtuka, na majirani humwongezea hofu. Lakini nusu ya watoto wenye afya wako chini ya mstari wa katikati, ndivyo ulivyochorwa. Kinachomfanya muuguzi akunje uso ni nukta kushuka chini ya mstari wa −2, ambao kwa miezi 12 ni kilo 7.7 kwa mvulana na 7.0 kwa msichana, au mtoto aliyekuwa akifuata mstari wake vizuri kuanza kuuacha na kuelekea chini mwezi hadi mwezi.

Na hospitalini mediani inaweza kusikika kama hukumu. Stephen Jay Gould, mwanabiolojia wa Harvard, aligunduliwa mwaka 1982 kuwa na saratani adimu ya utando wa tumbo. Alisoma vitabu vya udaktari akakuta kwamba mediani ya kuishi baada ya kugunduliwa ni miezi minane. Mtu wa kawaida angesikia: nimebakiza miezi minane. Yeye, kwa kuwa takwimu zilikuwa kazi yake, alisikia: nusu ya wagonjwa hufariki kabla ya miezi minane, na nusu nyingine huishi zaidi, wengine miaka mingi. Hakuna mgonjwa anayeweza kuishi chini ya siku sifuri, lakini upande wa juu hauna ukuta. Akajiuliza yuko upande gani: ni kijana, ugonjwa umegunduliwa mapema, matibabu ni mazuri. Aliandika makala juu ya hayo mwaka 1985, na alifariki mwaka 2002 kwa saratani nyingine. Ukipewa mediani ya namna hiyo, muulize daktari swali linalofuata: hao waliovuka katikati, walifika wapi, na walikuwa wagonjwa wa hali gani?

Mwenye simu au kompyuta yenye programu ya lahajedwali hana haja ya kupanga kwa mkono. Weka namba zako kwenye safu moja, tuseme kuanzia A1 hadi A12, kisha kwenye kisanduku kingine andika =MEDIAN(A1:A12). Programu itapanga yenyewe na kushughulikia shufwa na witiri. Jambo moja tu haiwezi kukuamulia: kisanduku kilichoachwa wazi hurukwa, lakini chenye 0 huhesabiwa. Ukiwa unaweka mauzo ya duka ya mwaka, mwezi ambao duka lilifungwa acha wazi. Mwezi ambao ulifungua na hukuuza kitu, andika 0.