Umbali wa Safari ya Ndege na Saa za Tiketi: Somo kwa Msafiri wa Tarakea

Anayejiandaa kusafiri kwenda Ulaya kwa mara ya kwanza huuliza: ni mbali kiasi gani, na ndege itakaa angani kwa muda gani? Maswali hayo ni ya msingi, lakini majibu yake hayatoshi kumfikisha uwanjani kwa wakati. Tunaeleza hapa hesabu tatu zinazokwenda pamoja.

1. Muda wa angani

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) hadi Amsterdam, Uholanzi, ni takriban kilomita 6,900 kwa njia fupi ya anga. Ndege kubwa ya abiria huenda kwa kasi ya karibu kilomita 850 kwa saa. Ukigawanya, utapata zaidi kidogo ya saa nane. Ukiongeza muda wa kupaa na kutua, ni kama saa nane na nusu.

2. Saa za tiketi

Kila saa iliyoandikwa katika tiketi ni ya mahali husika. Majira ya baridi, Uholanzi iko nyuma ya Tanzania kwa saa mbili. Majira ya joto, kwa saa moja. Tuseme ni Januari, na tiketi inaonyesha kuondoka KIA 23:30 na kufika Amsterdam 06:00. Ukitoa tu, utapata saa sita na nusu. Lakini 06:00 ya Amsterdam ni 08:00 ya Tanzania, hivyo safari ni ya saa nane na nusu.

Kumbuka pia kwamba tiketi huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Kwa hiyo 23:30 ni saa tano na nusu usiku, na tarehe hubadilika ifikapo 00:00, yaani saa sita usiku.

3. Muda wa kutoka nyumbani

Kutoka Tarakea, msafiri hupita Mkuu, Himo na Moshi kabla ya kufika KIA. Kwa safari ya kimataifa, tunashauri awe uwanjani saa tatu kabla ya ndege kuondoka.

Zoezi

Tiketi inasema: tarehe 12 Juni, 00:30. Utoke Tarakea lini?

Jibu: Ndege itaondoka saa sita na nusu ya usiku unaoanza jioni ya tarehe 11. Uwe KIA saa tatu na nusu usiku, tarehe 11. Ukijitengea saa nne za barabarani, toka Tarakea saa kumi na moja na nusu jioni, tarehe 11. Atakayetoka jioni ya tarehe 12 atakuta ndege imekwisha kuondoka, na nauli yake yaweza kupotea kulingana na masharti ya tiketi. Soma masharti hayo kabla ya kulipa.