Sukari kwa Jina Lingine: Tupunguze Nini, na Tuweke Nini Mahali Pake?



Somo la mwezi huu linahusu kitu kilicho karibu katika kila nyumba. Kitu hicho ni sukari. Wengi wetu tumekwisha kusikia kwamba sukari nyingi huharibu afya. Kwa hivyo wengine wameiacha na kuanza kutumia asali. Wengine wameanza sukari nguru, na wengine wananunua vidonge vidogo vya kutia utamu kwenye chai. Halafu wanatuuliza, "Sasa tumepona?" Hebu tujibu swali hilo pamoja.

LENGO: Mwisho wa somo, kila mmoja aweze kuhesabu sukari inayoingia nyumbani kwake, aeleze tofauti kati ya vitu vitamu mbalimbali, na achague jambo moja la kubadilisha.

VIFAA: Kijiko cha chai, bakuli la sukari, glasi tupu, na ndizi mbivu moja.

MUDA: Saa moja na nusu.

1. Tuanze na hesabu

Kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu, yaani kisicho na kilima juu, hubeba karibu gramu 4 za sukari. Sasa chukueni familia ya watu 6. Kila mmoja anakunywa vikombe 2 vya chai kwa siku, na kila kikombe kina vijiko 3. Hivyo ni vijiko 36, sawa na gramu 144 kwa siku. Kwa siku 30 ni zaidi ya kilo 4. Hapo hatujahesabu uji, mandazi wala soda ya siku ya harusi.

Familia hiyo ikishuka hadi kijiko 1 kwa kikombe, itatumia karibu kilo moja na nusu tu. Inabakiza karibu kilo 3 kila mwezi. Kikundi cha familia 20 za namna hiyo kingebakiza zaidi ya gunia la kilo 50 kwa mwezi! Pigeni hesabu kwa bei ya duka lenu muone ni pesa ngapi. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba pia hukimaliza.

Je, mtu anahitaji sukari kiasi gani? Mwaka wa 2015, Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba nguvu inayotokana na sukari ya kuongezwa isizidi sehemu 10 kwa kila 100 za nguvu yote tunayoipata katika chakula. Lilisema pia kwamba kushuka hadi sehemu 5 kunaweza kuleta faida zaidi. Kwa mtu mzima, sehemu 5 ni kama gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai kwa siku nzima. Watoto wapate pungufu ya hapo.

Zoezi: Mtu mmoja atie vijiko 7 vya sukari katika glasi tupu, na glasi ipitishwe mkono kwa mkono. Soda ya kawaida ya mililita 300 mara nyingi huwa na sukari ya kiasi hicho, au hata zaidi. Nani kati yetu angekubali kukoroga chai yake kwa vijiko 7?

2. Sukari nyingi inafanya nini mwilini?

Sukari inatia nguvu, lakini haileti vitamini wala protini. Mtoto akishibishwa chai tamu, anaacha maharagwe na mboga ambazo zingemjenga. Vijidudu vya mdomoni hula sukari na kutoa asidi inayotoboa meno. Na nguvu isiyotumika hugeuka kuwa mafuta mwilini.

Vipi kuhusu ugonjwa wa sukari? Wengine husema unaletwa na sukari peke yake, wengine husema ni kurogwa. Kweli ni kwamba aina inayowapata watu wazima wengi husababishwa na mambo kadhaa yanayokutana: kurithi katika ukoo, unene, kutofanya kazi za mwili, na ulaji. Vinywaji vyenye sukari nyingi huongeza hatari hiyo. Kwa hivyo tusimlaumu mgonjwa kwamba amejiletea, lakini tupunguze mzigo tunaoweza kuupunguza.

3. Asali, sukari nguru na sukari ya kahawia

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Tunaona kitu kimetoka kwenye mzinga au kwenye miwa ya jirani, basi tunafikiri tunaweza kukila bila kipimo.

Asali: Karibu sehemu 80 kwa 100 za asali ni sukari, na sehemu kubwa ya inayobaki ni maji. Kwa kuwa asali ni nzito, kijiko chake kimoja cha chai kina sukari nyingi kuliko kijiko cha sukari yenyewe. Faida yake ni kwamba ni tamu sana, kwa hivyo kidogo kinatosha. Mwenye ugonjwa wa sukari asifikiri asali ni salama kwake; nayo hupandisha sukari ya damu. Tena tukumbuke neno hili: MTOTO WA CHINI YA MWAKA MMOJA ASIPEWE ASALI HATA KIDOGO, wala ya kulambishwa kidoleni. Inaweza kuwa na mbegu za kijidudu ambacho hutoa sumu katika tumbo changa na kulegeza misuli ya mtoto.

Kama kikundi chenu kina mizinga, shukuruni, kwa maana hiyo ni mali. Mara nyingi faida kubwa ya asali ni kuiuza na kununua mayai, maharagwe na omena kwa ajili ya watoto.

Sukari nguru: Ni maji ya miwa yaliyochemshwa mpaka yakaganda. Kwa kuwa haikusafishwa kama ile nyeupe, hubaki na madini kidogo. Lakini ni kidogo kweli. Ili upate madini ya kutosha kutoka kwa nguru, ungelazimika kula nguru nyingi kupita kiasi. Kisahani cha sukumawiki au kunde kina faida kubwa zaidi.

Sukari ya kahawia: Tofauti yake na nyeupe ni ndogo sana. Chagueni ile ya bei nafuu, kisha mtumie kidogo.

Kwa ufupi, vitu hivi vitatu ni ndugu wa baba mmoja. Mwili unavipokea vyote kama sukari.

4. Vidonge na unga wa kutia utamu

Vitu hivi vinatia utamu bila kuleta nguvu, au vinaleta nguvu kidogo mno. Si vipya, sakarini iligunduliwa mwaka wa 1879. Vingine hutengenezwa kiwandani, na vingine hutolewa kwenye majani ya mmea uitwao stevia, ambao asili yake ni Paraguay na umelimwa hata hapa Kenya, upande wa Kericho.

Mwezi wa Mei 2023, Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasivitegemee ili kupunguza uzito, kwa sababu utafiti haukuonyesha kwamba vinasaidia kwa muda mrefu. Ushauri huo ulihusu stevia pia. Haukuwekwa kwa ajili ya watu ambao tayari wana ugonjwa wa sukari. Hao wazungumze na daktari au muuguzi wao, na wasiache dawa kwa sababu wamebadilisha kinachotiwa kwenye chai.

Kuna jambo jingine. Vidonge hivi vinauacha ulimi pale pale, ukidai utamu ule ule. Tena vinaigharimu familia pesa. Kwetu vijijini iko njia iliyo rahisi zaidi.

5. Basi tuweke nini?

Jibu letu ni mambo mawili: tuzoeze ulimi polepole, na tule utamu ungali ndani ya chakula chake.

Kuzoeza ulimi: Mazoea yana taabu, hivyo usikate sukari yote siku moja. Kama unatia vijiko 3, wiki ya kwanza tia 2 na nusu, wiki ya pili 2, wiki ya tatu 1 na nusu, wiki ya nne 1. Tumia kijiko kilichosawazishwa. Baada ya muda, chai ya zamani utaiona kama shira.

Matunda mazima: Papai, embe, ndizi, chungwa na pera ni tamu, lakini utamu wake umefungwa pamoja na nyuzinyuzi, maji na vitamini. Tunatafuna, tunashiba, na sukari inaingia kwenye damu polepole. Ukilikamua chungwa, unatupa nyuzinyuzi na kubaki na maji ya sukari. Glasi moja yaweza kumeza machungwa matatu, na hakuna mtu anayeshiba. Kwa hivyo kula tunda, na kiu ikija kunywa maji. Muwa nao, ingawa tunautafuna, tunatema nyuzi na kumeza sukari. Tuuhesabu pamoja na sukari.

Uji: Ponda ndizi iliyoiva sana, au malenge yaliyochemshwa, uchanganye na uji wa wimbi unapokaribia kuiva. Mtoto hataulizia sukari. Njia nyingine ni kimea. Loweka wimbi usiku mmoja, liache lichipuke kwa siku mbili, lianike, kisha lisage. Pika uji mzito, uache upoe mpaka uwe wa vuguvugu, tia kijiko cha unga wa kimea na ukoroge. Uji utalegea na kuwa mtamu kidogo, kwa maana kimea hugeuza wanga kuwa sukari. Kisha uchemshe tena ndipo uunywe. Kwa hiyo mwenye ugonjwa wa sukari asiuone kama uji usio na sukari. Ubora wake ni kwamba mtoto anapata uji wenye unga mwingi ambao bado anaweza kuumeza.

Kifungua kinywa: Kiazi kitamu au nduma ya kuchemsha ina utamu wake wa asili. Ukila pamoja na chai, utashangaa kwamba chai haidai sukari nyingi.

Viungo: Tangawizi, iliki na mdalasini hufanya chai iwe na ladha hata sukari ikipungua. Maziwa nayo yana utamu wake. Lakini viungo hivi si dawa ya ugonjwa wa sukari, hata kama muuzaji wa sokoni atakuapia.

6. Pale sukari inapohitajika

Tusiifanye sukari kuwa adui kiasi cha kukosa kuwa nayo nyumbani. Kuna nyakati mbili inapookoa maisha.

Kwanza, mtu anayetumia insulini au vidonge vya ugonjwa wa sukari anaweza kushukiwa na sukari ya damu. Anatetemeka, anatoka jasho, anasikia njaa kali au anaongea kama mlevi. Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpe mara moja vijiko 4 vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Kidonge cha utamu au soda isiyo na sukari haitamsaidia hata kidogo. Ngoja dakika 15. Kama hajapata nafuu, mpe tena. Akipata nafuu ale chakula. Akizimia, usimtie kitu mdomoni; mlaze kwa ubavu na mkimbizeni hospitali.

Pili, mtoto mwenye kuhara. Mpe maji ya pakiti za ORS kutoka zahanati. Zikikosekana, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Hapa sukari ndiyo inayosaidia utumbo kuvuta chumvi na maji. Usizidishe vipimo, wala usitumie vidonge vya utamu. Endelea kumnyonyesha, na umpeleke zahanati.

7. Chai ya kikundi

Sasa tuje kwenye mikutano yetu wenyewe. Desturi yetu ni kupika chai na sukari yote ndani ya sufuria. Tunamheshimu mgeni kwa chai tamu, na hilo ni jema. Lakini fikirini mwenzetu mwenye ugonjwa wa sukari, ambaye pengine hajamwambia mtu. Birika linapofika kwake ana njia mbili tu: anywe ajiumize, au akatae na watu waanze kunong'ona kwamba anaringa, au kwamba ana neno na mpishi. Wengi huchagua kunywa. Hata matangani ni vivyo hivyo.

Dawa yake haigharimu kitu. Chai ipikwe bila sukari, na bakuli la sukari na kijiko viwekwe mezani. Kila mtu ajitilie apendavyo. Anayetaka vijiko vitatu hakatazwi, na asiyetaka haulizwi. Na penye soda pawe na maji safi pia. Jambo hili dogo humlinda mwenzetu bila kumwaibisha, na tumeona kwamba sukari yenyewe hudumu zaidi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kila mmoja apige hesabu: nyumba yangu hutumia kilo ngapi za sukari kwa mwezi, na kwa pesa ngapi?
2. Jirani anasema, "Mimi nina ugonjwa wa sukari lakini nakula asali, haina neno." Tutamwambia nini bila kumvunja moyo?
3. Ni matunda gani huoza katika eneo letu msimu wake ukifika, huku watoto wakinunuliwa peremende?
4. Mgeni akipewa chai isiyotiwa sukari ataona amedharauliwa? Tumweleze vipi?

KAZI YA MWEZI

Kikundi kiamue leo kama chai ya mikutano itapikwa bila sukari. Katibu aandike uamuzi huo. Kila familia ianze kupunguza nusu kijiko kwa wiki, na mweka hazina aandike sukari iliyonunuliwa. Mkutano ujao linganisheni. Pesa iliyobaki msiiache ipotee kimya kimya. Kubalianeni itafanya nini, iwe ni miche ya mipapai, kuku wa mayai, au akiba ya kikundi.