Mke wangu hulala na nguo za kutokea mvua ikinyesha, na mama anataka mganga

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni baba wa watoto watatu, tunaishi kando ya Mto Sabaki, upande wa Garashi. Mafuriko ya Novemba 2023 yalitukuta usiku. Tulitoka na watoto na nguo tulizovaa. Nyumba, mahindi, migomba na mbuzi vyote vilikwenda na maji. Tulikaa kambini, kisha tukajenga upya juu kidogo, kwenye kiwanja cha kaka yangu.

Tangu wakati huo mama watoto si yule niliyemuoa. Wingu likitanda tu anaacha anachofanya. Usiku analala na nguo za kutokea, na vitambulisho na daftari za kliniki amevifunga kwenye mfuko wa plastiki, anaulaza kando ya kichwa chake. Mvua ikipiga mabati anawaamsha watoto na kuwatoa hadi barabarani, hata saa nane za usiku, wakisimama hapo mpaka itulie. Mtoni hakanyagi. Kijana wetu wa pili, ana miaka saba, amerudia kukojoa kitandani.

Mama yangu anasema mke wangu ana pepo, anataka apelekwe kwa mganga akapungwe. Mjomba amekwenda mbali zaidi: anasema maji yale hayakuja bure, yupo hawe (bibi kizee) mmoja jirani tuliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba, na eti ndiye aliyeyatuma. Rafiki yangu ananiambia nimpeleke mke wangu hospitali, lakini naogopa. Watu wakimwona kliniki ya akili watamwita mwendawazimu na watoto watachekwa shuleni.

Mimi niko sawa, ingawa siku hizi bila mnazi wa jioni sipati usingizi. Nifanye nini?

Baba Watatu, Magarini

*

Marahaba, mwanangu. Poleni nyote watano.

Nitaanza na yule hawe, kwa sababu katika barua yako yote yeye ndiye aliye hatarini usiku wa leo. Sisi wa Kilifi tunajua maneno kama ya mjomba wako yanaishia wapi. Wazee wameuawa katika kaunti hii kwa sababu ya mvi zao na ugomvi wa ardhi, na ndiyo maana kule Ganze kuna kituo cha Kaya Godoma kinachowahifadhi wazee waliokimbia makwao baada ya kuitwa wachawi. Maji yaliyobomoa nyumba yako yalianzia mbali sana na mpaka wa shamba lenu. Mto huo huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, hupita Ukambani, hukutana na Mto Tsavo ukawa Galana, na kwetu ndio Sabaki. Msimu ule wa El Nino ulinyeshea nusu ya nchi. Mto Tana ulifurika, na hata barabara ya Mombasa kwenda Malindi ikakatika pale Mbogolo. Mwambie mjomba hayo mbele ya wazee wa ukoo, kwa heshima lakini kwa sauti inayosikika. Ukisikia vijana wanapanga lolote, nenda kwa chifu siku hiyo hiyo, usingoje asubuhi.

Sasa mama watoto. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na sioni mahali mke wako alipopotewa na akili. Anaishi kando ya mto unaoweza kufurika kwenu hali mbingu ni safi, kwa sababu mvua yake imenyesha bara. Aliushuhudia ukija usiku. Mwili wake ukashika kwamba usalama hauonekani kwa macho, kwa hiyo ukakataa kulala. Ni kiwewe, na dalili ulizoandika ndizo zake hasa: kuliishi tena lile lililopita, kukwepa mahali lilipotokea, na kukaa macho wakati wote kama mlinzi asiyepokelewa zamu.

Wengi waliopitia gharika hupata usiku mbaya wa namna hiyo majuma ya mwanzo, kisha hali hupungua yenyewe wakipata pa kulala, chakula na watu wao karibu. Ikipita mwezi bila nafuu, na usingizi na kazi za mtu zikawa zimevurugika, hapo anahitaji mtaalamu. Nyinyi mwezi mmoja mliuacha nyuma siku nyingi.

Kuna mambo mawili nakuomba usiyafanye. Usimpeleke mtoni kwa nguvu ili eti azoee. Siku ya kuukaribia mto tena itafika, ataichagua yeye akiwa na mshauri aliyesomea kazi hiyo, hatua kwa hatua. Pia usimketishe na kumtaka asimulie usiku ule wote kwa mara moja. Zamani baadhi ya waliotoa msaada walidhani kumtapisha mtu maneno mara tu baada ya maafa humponya. Shirika la Afya Duniani linashauri tusifanye hivyo. Kaa naye. Akitaka kusema, sikiliza mpaka mwisho bila kumkata na bila kumwambia mbona fulani alipoteza zaidi. Akinyamaza, mnyamaze pamoja.

Ule mfuko usiuguse. Katika nyumba yenu yeye ndiye aliyefanya jambo la busara kuliko wote. Mwambie hivyo, kisha muufanye mfuko wa familia: utundikwe mlangoni, tochi iwemo, chaji ya simu iwemo, na kila mtoto ajue ulipo. Tafuteni jamaa au rafiki mwaminifu kule Chakama, kwa kuwa maji hupita kwake kabla ya kufika kwenu, mkubaliane kwamba mto ukipanda atapiga simu usiku wowote. Msikilize utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kwenye redio. Mkubaliane ni ishara gani itawatoa nyumbani, mtapitia njia ipi na mtafikia kwa nani. Halafu, mvua ikipiga mabati, wewe ndiwe uamke. Toka, tazama, piga simu Chakama, urudi umwambie, "Nimeangalia, mto uko chini, lala." Usimwambie aache woga. Mpe habari.

Onyo linalofika mapema huokoa watu. Siku ya tsunami, tarehe 26 Desemba 2004, habari zilitangulia kutufikia na watu wakaondolewa ufuoni. Kenya ilimpoteza mtu mmoja. Somalia, ambako onyo halikufika, walizika karibu mia tatu. Mke wako akijua kwamba onyo litafika na kwamba kuna mtu mwingine aliye macho, mwili wake utapata sababu ya kulala.

Yule kijana wa miaka saba asichapwe wala asitajwe mbele ya wenzake. Watoto wengi walioogopeshwa hurudi nyuma kidogo katika mambo waliyokwisha yaweza. Mbadilishie shuka kimya kimya, muda wake wa kula, kucheza na kulala usibadilikebadilike, na asikose shule. Mwalimu wake aambiwe kilichompata.

Kuhusu mganga, sitaki ugombane na mama. Amempenda mkaza mwanawe kwa njia anayoijua. Wapo wanaopata faraja katika dua, katika ngoma, katika kuzungukwa na watu wanaowatakia heri. Lakini mwulize mke wako kwanza kama anataka. Yeye ndiye mgonjwa, na hakuna mahali ulipoandika kwamba ameulizwa. Ikiwa mganga atataka kutaja aliyewaroga, mtoke hapo hapo. Akisema hospitali iachwe, mtoke. Akitaka mbuzi wa mwisho mliyemnunua baada ya mafuriko, mtoke.

Hospitali ni lazima. Anzeni na mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka kijijini kwenu. Serikali ilisambaza zaidi ya laki moja wa aina hiyo nchini mwezi Septemba 2023, na kazi yao ni pamoja na kuwaelekeza watu kama nyinyi. Nendeni zahanati, mwelezeni muuguzi yote uliyonieleza mimi, muombe rufaa kwa wahudumu wa afya ya akili katika hospitali ya Malindi au ya Kilifi. Kama hamjajisajili kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), jisajilini kwanza, kwa kuwa matibabu ya ngazi ya zahanati na kituo cha afya hulipiwa na serikali kwa aliyesajiliwa. Tiba yenyewe kubwa ni mazungumzo ya vikao kadhaa, na daktari akiona haja ataongeza dawa. Vidonge vya usingizi msinunue dukani kwa ushauri wa jirani. Mwili huvizoea upesi, na woga hubaki pale pale.

Unaogopa jina la mwendawazimu. Kumbuka mwaka ule ule wa 2023, miili iliyofukuliwa msitu wa Shakahola ilipokuwa ikiletwa Malindi, Msalaba Mwekundu waliweka washauri hospitalini ili wakae na jamaa waliokuja kutafuta watu wao. Walioketi na washauri wale walikuwa wazazi, waume, wake na ndugu waliopigwa na jambo zito, na hakuna aliyewahesabu wendawazimu. Mke wako ni mmoja wao, ila lake lilikuja kwa maji.

Na wewe, mwanangu, uliandika kwamba uko sawa, kisha ukaandika mnazi katika sentensi hiyo hiyo. Uliubeba usiku ule pamoja naye. Ulipoteza nyumba, mifugo na msimu mzima wa mahindi, ukajenga upya, ukawa unawatuliza wote, na barua yako haina hata mstari mmoja unaosema jinsi wewe ulivyoogopa. Mnazi hukulaza saa chache na kukuamsha alfajiri moyo ukidunda. Kila mwezi utahitaji kibuyu kikubwa zaidi, na usiku mto ukipanda kweli utakuwa hufai kumbeba mtoto. Kwa hiyo msiende kliniki mkiwa mgonjwa na msindikizaji wake. Nendeni wagonjwa wawili, na wewe uingie kwanza. Mama atapunguza maneno akisikia mwanawe naye ametibiwa, na mke wako hatakuwa peke yake kwenye lile benchi.

Akianza kusema afadhali angekwenda na maji, au wewe mwenyewe ukiwaza hivyo, hiyo ni dharura: usimwache peke yake, mfike hospitali siku hiyo hiyo. Hata pasipokuwa na dharura, mpige simu leo kabla hamjalala namba 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu mpate mshauri nasaha wa kuzungumza nanyi. Simu hiyo haitozwi pesa.