Kimea na Uji Mzito

Katika nchi ya Waha, penye vilima vya Kasulu na Kibondo, ulezi ni nafaka ya tangu zamani. Mama ampikiaye mtoto uji wa unga huo huona taabu moja. Akitia unga mwingi, uji hukaza, na mtoto mdogo hawezi kuumeza. Akiongeza maji, uji humezeka, lakini tumbo la mtoto ni dogo. Hujaa maji kabla ya kupata chakula cha kutosha, na mtoto hukonda ingawa hula kila siku.

Dawa ya taabu hiyo ni kimea. Ulezi hulowekwa usiku mmoja, huchujwa, kisha hufunikwa siku mbili tatu hata uchipuke. Halafu huanikwa juani na kusagwa. Uji mzito ukiisha kuiva huepuliwa, ukaachwa hata usitokote tena, lakini uwe moto bado. Ndipo hutiwa kijiko cha unga wa kimea na kukorogwa. Baada ya dakika chache uji hulegea kana kwamba umezidishiwa maji, wala haukuongezwa hata tone. Tena huwa mtamu kidogo. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa chakula wa Tanzania waliipima njia hii, wakaona kwamba uji uliotiwa kimea huweza kubeba unga mara mbili na zaidi, na mtoto akaunywa bila shida.

Je, kijiko kimoja chawezaje kulegeza chungu kizima? Ndani ya unga mna wanga, nao wanga ni kama minyororo mirefu ya chembe za sukari zilizoshikamana. Ipikwapo, minyororo hiyo hunasa maji, na uji hukaza. Mbegu ichipuapo hutengeneza kitu kiitwacho kimeng'enya, ambacho kazi yake ni kuikata minyororo hiyo, ili mche mchanga upate sukari ya kukulia. Katika chungu kimeng'enya hukata mnyororo mmoja, huuacha, hushika mwingine, wala chenyewe hakiliwi kwa kazi hiyo; ndiyo sababu kidogo chatosha. Kitu cha namna hii huitwa kichocheo. Hakileti badiliko lisilowezekana kabisa. Huharakisha lile ambalo lingekwenda polepole mno.

Mwaka wa 1833 Wafaransa wawili, Payen na Persoz, walikitoa kimeng'enya hicho katika kimea cha shayiri. Miaka miwili baadaye Berzelius wa Uswidi aliipa kazi ya vichocheo jina lake katika elimu ya kemia. Lakini hakuna haja ya kwenda Ulaya kukiona. Mate nayo yana kimeng'enya cha jamii hiyo: atafunaye ugali kwa muda mrefu bila kumeza huonja utamu.

Kimea kikitiwa katika uji unaotokota, hakuna kitokeacho, kwa kuwa moto mkali huharibu kimeng'enya. Mtama nao hufaa kwa kimea, ila machipukizi na vijizizi vyake vina sumu, basi huondolewa kabla ya kusaga. Uji ukiisha kulegea hurudishwa motoni uchemke, maana nafaka iliyokaa na unyevu huingiwa na vijidudu. Hapo kimeng'enya huharibika, lakini kazi yake imekwisha.