Somo la Wiki: Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Leo tuna methali moja: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake, mgeni akija, na wenye nyumba hufaidika. Siku ya mgeni ndiyo siku ya kuchinjwa jogoo, na watoto wa nyumbani nao hupata mnofu. Muulize bibi yako, atakuambia.

Sasa tuipeleke methali hii msituni.

Msitu wa Jozani uko Unguja, kama kilomita 35 kutoka mjini. Mvua za masika zikikolea, maji hupanda kutoka ardhini na miti husimama majini. Mwaka 2004 msitu huu, pamoja na mikoko ya Ghuba ya Chwaka, ulifanywa hifadhi ya taifa, ya kwanza Zanzibar. Humo anaishi kima punju, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe kichwani. Asili yake ni Unguja tu. Hana kwao kwingine duniani.

Punju ni sumu. Zamani watu waliamini kwamba mti anaoula mnyama huyu hufa. Mkulima wa Pete au Kitogani hakuwa na sababu ya kumpenda: kima alitoka msituni, akala majani ya miembe na vidaka vya minazi, akarudi zake. Wageni nao walikuja kumpiga picha kima huyo huyo, wakalipa kiingilio, wakaondoka. Mgeni amekuja, je, mwenyeji amepona?

Msitu hauna ukuta. Mtu asiyepata chochote kutoka kwa msitu uliosimama atakata kuni na kuchoma makaa, kwa sababu watoto lazima wale. Kwa hiyo ukawekwa utaratibu: sehemu ya fedha za watalii irudi vijijini. Wakulima ambao kima hula mashambani mwao hupewa kifuta jasho, na vijiji hupata fedha za maendeleo. Watu wa hapo hutembeza wageni, na njia ya mbao imejengwa katikati ya mikoko ili wageni wapite bila kukanyaga mizizi. Barabarani yamewekwa matuta, maana magari yalikuwa yakigonga kima. Huu ndio utalii wa mazingira unaoshirikisha jamii.

Watafiti nao waliingia mashambani wakahesabu nazi. Wakakuta kwamba pale kima walipokula vidaka, mavuno ya nazi hayakupungua. Huenda vidaka vikipunguzwa, vinavyobaki hukua vizuri zaidi. Lakini si kila zao ni mnazi. Anayeamka akakuta mboga zake zimeliwa amepata hasara ya kweli, na kifuta jasho kikichelewa, subira yake huisha.

Ukienda likizo, lipa kiingilio mlangoni, fuatana na mtembezaji wa hapo, usimlishe wala kumgusa kima. Kisha fanya jambo ambalo watalii wengi hawawezi: zungumza na mkulima. Sema, "Shikamoo, babu. Kima wanakusumbua? Msitu unakusaidia nini?" Kiswahili unachojifunza kila Jumamosi kinatosha kabisa kwa maswali hayo. Msikilize mpaka amalize.

Msamiati
Kidaka: nazi changa sana. Kikikua huwa kitale, halafu dafu, halafu koroma, mwisho nazi.
Kifuta jasho: malipo ya kumpoza mtu aliyepata hasara au taabu.
Mikoko: miti inayoota pwani kwenye maji ya chumvi.
Tuta: mwinuko wa barabarani wa kupunguza mwendo wa magari.

Maswali
1. Kwa nini mkulima hakumpenda kima punju?
2. Katika methali yetu, mgeni wa Jozani ni nani? Mwenyeji ni nani?
3. Ungekuwa mkulima, ungetaka kifuta jasho cha fedha, au kisima cha kijiji kizima? Toa sababu mbili.

Kwa wazazi: mwambieni mtoto habari za msitu, mto au shamba mlilolijua utotoni, na nani alilitunza. Aandike sentensi tano, aje nazo Jumamosi.