SOMO: MAWIMBI YA REDIO – Antena Moja, Bendi Mbili

Malengo: Mwisho wa somo uweze kukokotoa urefu wa antena, kueleza kwa nini waya mmoja unafaa bendi mbili, na kutaja tahadhari za radi.

Dhana kuu
Walinzi wa migodini Geita na Kahama hubeba redio za mkononi, maarufu redio koli. Redio za ridhaa, yaani za wapenzi wa redio wasiofanya biashara, hufuata kanuni hiyohiyo: v = fλ. Wapenzi hawa hutumia sana bendi mbili: MHz 144–146 na MHz 430–440.

Mfano
Tafuta urefu wa antena ya robo ya wimbi kwa MHz 145.
λ = v ÷ f = 300,000,000 ÷ 145,000,000 = m 2.07
λ ÷ 4 = sm 51.7
Mawimbi katika waya hayafuati hesabu ya hewani sawasawa, hivyo zidisha kwa 0.95: sm 49.

Sasa chukua MHz 435. λ = sm 69, na robo tatu yake ni sm 51.7. Urefu ni uleule! Sababu ni kwamba 435 = 3 × 145. Waya ulio robo ya wimbi katika bendi ya kwanza ni robo tatu katika bendi ya pili, na zote mbili huitikia vizuri.

Kutengeneza
1. Chukua soketi ya antena ya aina ya SO-239, yenye matundu manne pembeni.
2. Lehemu waya wa shaba wa sm 51 kwenye pini ya katikati, usimame wima.
3. Funga nyaya nne za sm 52 kwenye matundu, uziinamishe chini kwa nyuzi 45. Mwinamo huo husogeza ukinzani karibu na omu 50.
4. Punguza waya wa wima kidogo kidogo huku ukipima mawimbi yanayorudi. Ukikata kupita kiasi, huwezi kurudisha.

Kosa la kawaida: Kutumia kebo ya eriali ya televisheni. Hiyo ni ya omu 75; redio hizi zinahitaji omu 50.

Tahadhari
Antena ikiwa juu, ishara hufika mbali. Lakini ukanda wetu una radi nyingi. Januari 2025 radi iliua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe, mkoani Geita. Kwa hiyo usisimamishe mlingoti bila fundi na waya wa ardhini. Wingu likianza kunguruma, usiguse antena wala kebo yake. Ingia ndani ya jengo imara. Waya wa ardhini hupunguza hatari, hauiondoi.

Kumbuka pia: kurusha mawimbi kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Vituo vya Tanzania hutambulika kwa alama inayoanza na 5H.

Jipime
Fundi wa Shinyanga anatengeneza antena ya robo ya wimbi kwa MHz 150. (a) Akate waya wa urefu gani? (b) Utafaa pia masafa gani?

Majibu: (a) λ = m 2; robo ni sm 50; × 0.95 = sm 47.5. (b) 3 × 150 = MHz 450.